Bwana Harusi wa Mazoezi

Kwa miaka saba jirani yetu wa mlango wa mbele aliitwa Bi Harusi bila ya kuwa na harusi, na kwa sita kati ya hiyo bwana harusi wake nilikuwa mimi. Nieleze mapema nisije nikafahamika vibaya. Mimi ni msichana, nipo darasa la kumi na mbili, na kazi hiyo niliipata kwa sababu mbili tu: tunakaa ghorofa moja pale Hail, Muscat, na mimi sisemi.

Si bubu. Nikiwa peke yangu na daftari nasema hadi mkono unauma. Lakini mbele ya watu maneno yananikimbia, na mwalimu akiniuliza jambo najibu kwa shingo. Bibi yangu, mzaliwa wa Unguja, ambaye yeye husema kwa niaba ya ukoo mzima, huwaambia wageni kuwa mimi niliazima ulimi nikaurudisha.

Bi Harusi ni Msudani. Baba yake alikuja Oman kufundisha hisabati kabla mimi sijazaliwa, na yeye mwenyewe ni daktari wa meno. Mchana alikuwa aking'oa meno ya watu wa Qurum, jioni akija kuniangukia mimi. Mama yake tunamwita Khala, na ni mwanamke ambaye hawezi kuona mlango uko wazi asiingie na sahani. Baina yetu na wao tunazungumza Kiarabu, sisi kwa sisi Kiswahili, na Bibi huzungumza vyote viwili kwa pumzi moja. Hapa naandika yote kwa Kiswahili, wanisamehe.

Mchumba alimpata kwenye foleni ya mkate. Hiyo ilikuwa likizo moja aliyokwenda Khartoum kumtembelea bibi yake, wakati nchi yao imeanza kwenda mrama. Mafuta hakuna, unga hakuna, na ukienda benki kutoa pesa zako mwenyewe unaambiwa noti zimekwisha, rudi kesho. Akatumwa mkate alfajiri, akakuta foleni imezunguka mtaa. Mbele yake alikuwa amesimama kijana mmoja, mhandisi wa umeme, mwembamba, ana mdomo wa kueleza kila kitu. Akamweleza kwa nini unga umepotea, kwa nini noti zimepotea, na kwa nini taa ya mtaa ule haiwaki. Foleni ilikuwa ndefu kiasi kwamba kabla hawajafika mlangoni walishaulizana habari za ukoo mzima. Kijana akampisha atangulie. Bi Harusi akachukua mikate ya mwisho, kijana akaambiwa imekwisha. Basi akakata wake katikati, wakala nusu kwa nusu pale pale barabarani, na aliporudi Muscat kidoleni alikuwa na pete.

Khala alipokuja kutuhadithia, alidhani atatusikitisha kwa ile habari ya foleni. Bibi akafurahi. Hakuwa amepata mtu wa kuzungumza naye foleni tangu aondoke Unguja.

"Mkate?" akamwambia. "Sisi tukipanga mpaka sabuni. Tena hatukuwa tukisimama wenyewe, tukiweka jiwe. Mimi nna jiwe langu lilikuwa likijulikana mtaa mzima."

Khala akajibu kwamba Khartoum watu huweka matofali, na gari za petroli hulala kwenye foleni siku tatu na mwenyewe ndani. Bibi akasema gari si kitu, gari lina kiti. Wakaendelea hivyo mpaka chai ikapoa, kila mmoja akiitetea shida ya kwao isionekane ndogo, na mimi katikati nikigeuza kichwa kama mtu anayetazama mpira wa meza.

Harusi ikapangwa iwe Khartoum, baada ya miezi michache. Haikuwa. Noti hazikutoka benki, ukumbi ulitaka noti, na watu wakaingia barabarani. Serikali iliyokaa miaka thelathini ikaondoka. Siku ile baba yake Bi Harusi, mtu wa hisabati ambaye sijapata kumuona akicheka, alitoka kwenye ngazi na kanzu yake ya nyumbani akagawa tende kuanzia ghorofa ya nne mpaka kwa mlinzi wa chini, akilia na kucheka. Harusi ikasogezwa mbele, mambo yatulie kwanza.

Hapo ndipo nilipoajiriwa.

Huko kwao ipo ngoma ambayo bi harusi huicheza peke yake mbele ya wanawake, na bwana harusi amesimama karibu. Bi harusi hujifunza kwa wiki kadhaa, anafunzwa shingo, mabega, mpaka vidole. Katikati ya kucheza, wakati wowote anaoutaka yeye, bila ya kutoa ishara, hujiachia akaanguka. Bwana harusi lazima amdake. Asipomdaka, wanawake wa upande wa bi harusi hupiga vigelegele na kuhesabu goli. Wallahi wanahesabu magoli. Khala aliponieleza nilicheka mpaka nikasahau kuona haya.

Sasa Bi Harusi hakuwa na dada wala kaka hapa, na mama yake ndiye aliyekuwa akipiga daluka, ile ngoma yao ya udongo. Akahitajiwa mtu wa kudaka. Nilikuwa na miaka kumi na moja na uzito wa mfuko wa mchele. Alipoanguka mara ya kwanza tulikwenda chini sote wawili, na Bibi akapiga kelele kutoka upande wa pili wa korido kuuliza nyumba ya nani imebomoka. Mwezi wa pili nikajua kupanua miguu. Mwezi wa sita nilikuwa namdaka huku natafuna karanga.

Sebule yao ni nyembamba. Upande wa kulia lipo kabati la vioo la Khala, lenye vikombe vyake vya harusi yake mwenyewe, na upande wa kushoto lipo zulia tupu. Mimi nikisimama kushoto, maana ndiko kulikokuwa na nafasi. Hatukuwahi kulizungumza hilo.

Ukaja wakati wa mageuzi. Serikali yao mpya ikasema dawa ni chungu lakini lazima inywewe: ikaondoa ruzuku ya mafuta, ikaiacha pesa yao itafute bei yake yenyewe sokoni. Mchumba alikuwa na matumaini makubwa mno. Wanaume wengine huwaandikia wachumba zao habari za macho na mwezi; yeye alikuwa akiandika habari za ruzuku. Ujumbe mrefu, una vifungu, mwisho wake swali la kumpima kama amefahamu. Bi Harusi alikuwa akinisomea huku anapaka mafuta ya mikono.

"Huyu ananipenda," akaniambia siku moja, uso umemuiva kwa raha. "Mwanamume hawezi kumueleza mwanamke bei ya dizeli kwa kurasa tatu kama hampendi."

Harusi ikapangwa mara ya pili. Ukumbi ukawa na bei ya asubuhi na bei ya jioni, fundi akarudisha kitambaa akisema bei ya uzi imempita kimo, na mchumba akaomba wasubiri bei zikae kitako. Bei hazikukaa. Wanajeshi wakarudi wakachukua serikali yote, na ule ujumbe wenye vifungu ukaanza kuwa mfupi. Mimi nilikuwa nimefika darasa la nane na mabega yangu yamepanuka kwa kazi.

Mara ya tatu ilipangwa iwe baada ya Idi. Tiketi za Khartoum zilikuwa zimekatwa, masanduku manne yamesimama koridoni hata Bibi akawa anapita ubavuubavu. Asubuhi moja mwishoni mwa Ramadhani tukasikia televisheni yao imefunguliwa sauti ya juu sana. Vita vimeanza, majeshi mawili ya nchi moja yanapigana ndani ya mji, na pa mwanzo kabisa kuonyeshwa moshi palikuwa uwanja wa ndege waliokuwa waende kushukia.

Mchumba hakupatikana kwa siku kumi na moja. Siku hizo sina la kuchekesha la kuandika. Bi Harusi alikwenda kazini, akarudi, akavua viatu, akamwambia mama yake apige daluka, akaanguka, nikamdaka. Mara nyingine alikuwa akikawia kuinuka, nami nilikuwa nikimwacha.

Siku ya kumi na mbili simu ikalia. Yuko hai. Ametoka Khartoum kwa miguu na mama yake, kisha kwa lori, wamefika Madani. Bi Harusi akamuuliza yuko wapi sasa hivi, dakika hii. Akasema yuko kwenye foleni ya mkate. Nyumba nzima ikaangua kicheko, Khala akikaa chini sakafuni kwa kucheka na machozi yakimdondoka kwenye mapaja.

Miaka miwili ikapita yeye akihama, Madani, kisha Port Sudan, akingoja karatasi za safari. Wakati huo mimi nilimaliza kukua. Na wakati huo Bi Harusi alianza kuogopa kitu, akaniambia mimi kwa kuwa mimi sina wa kumwambia. Mchumba alikuwa akipiga simu kila siku, lakini hakuwa tena akieleza. Alikuwa akijibu ndiyo, la, alhamdulillah. Ukimuuliza umeme, anasema upo au haupo. Kazi alishapata, kampuni ya Suhar, mwendo wa saa mbili kutoka Muscat, ilimkubali, na mke angetakiwa aache kliniki ya Qurum amfuate. Akadi ya ndoa ingefungwa, hilo halikuwa na shaka. Lakini kuhama kwenda kuishi na mtu ambaye hajui kama ndiye yule aliyekula naye mkate, hilo hakuwa amelikubali.

"Mashekhe watanambia nimeolewa," akasema. "Kama ananiona au hanioni, hilo nitalijua kwenye ngoma. Goli la kwanza ni mzaha. La pili ni uchovu wa njia. La tatu, aende Suhar peke yake, mimi nabaki kwa mama mpaka atakaponiona."

Nilimuuliza kwa shingo kama anasema kweli. Akaniambia anasema kweli.

Mchumba alifika mwaka huu, wiki mbili kabla ya harusi. Tulikwenda uwanja wa ndege wote, Bibi akiwa na dumu la kahawa, na mtu huyo akatupita hatua tano na mkoba wake mdogo bila ya sisi kumjua. Alikuwa amekonda, ndevu zina mvi, kila mlango ukifunguka anageuka. Akadi ilifungwa Alkhamisi msikitini, na ngoma ikawekwa Ijumaa alasiri katika ukumbi mdogo wa wanawake huko huko Hail.

Ukumbi ulijaa. Wasudani wa Muscat wote walikuja, na sisi wa asili ya Unguja tulikuja wengi kuliko tulioalikwa, kwa sababu Bibi alikuwa amewahadithia watu habari ya magoli. Ndugu wa Sudan wenyewe walikuwa kwenye simu: nani yuko Kampala, nani Jeddah, na mjomba mmoja yuko Cairo ambaye picha yake ilikuwa ikichelewa kama sekunde kumi, hivyo akipiga makofi sisi tushamaliza. Bibi alikuwa mstari wa mbele na buibui lake. Mimi nilikaa ubavuni mwake, nimejikunyata, nikiomba nisitazamwe.

Bwana harusi akaletwa na kanzu nyeupe na uzi mwekundu mkononi. Bi Harusi akafunuliwa shela ya hariri nyekundu, Khala akapiga daluka, na watu wakasogea karibu. Miaka sita ya sebule ilikuwa imeingia mwilini mwake. Shingo ilikuwa ikienda peke yake. Nilijivuna kama mimi ndiye niliyemfundisha.

Goli la kwanza liliingia mapema. Mtumishi aligonga trei mlangoni, bwana harusi akageuka kutazama mlango, na bi harusi wake akaenda chini kwenye mito. Vigelegele. Bibi akanyoosha kidole kimoja juu ili kila mtu aone. Bwana harusi akacheka kidogo, kwa adabu, akajipangusa uso. Daluka ikaendelea, na sekunde kumi baadaye mjomba wa Cairo akapiga ukelele wa goli, ukumbi mzima ukacheka upya.

La pili alikuwa anamtazama. Niliona mwenyewe, macho hayakumtoka. Alikuwa amesimama kulia kwake, mikono tayari. Na Bi Harusi akaangukia kushoto.

Wanawake wakapiga vigelegele, Bibi akanyoosha vidole viwili. Nikafahamu. Huyu mtu kwa miaka sita hajapata kuangukia kulia hata siku moja, na mwenyewe hajui. Anaogopa kabati la vikombe. Kabati lenyewe liko nyumbani, kilomita tatu kutoka hapo, na bwana harusi amesimama pale pale lilipokuwa likikaa.

Nilimtazama Bi Harusi alipoinuka. Alikuwa anatabasamu kwa meno yote, lakini tabasamu la machoni halikuwepo. Bado moja. Ilibidi mtu aseme, na mtu aliyejua katika dunia nzima ni mimi, ambaye hata dukani huonyesha kitu kwa kidole. Nikafungua mdomo. Haikutoka hata pumzi. Nikamvuta Bibi buibui, akanipiga kofi la mkono kwa kuwa anahesabu.

Basi nikaona Bi Harusi anavuta pumzi. Kabla hajaanguka huvuta pumzi fupi kwa pua na kisigino cha kushoto kinainuka kidogo. Hilo nalo hakuna anayelijua ila mimi. Sikuamua chochote. Miguu yangu ilishaamka zamani. Nilijikuta nimekanyaga sahani ya halua, nimeruka mito miwili, na Bi Harusi yuko mikononi mwangu, pale pale anapokaa siku zote, kichwa kwenye kiwiko changu.

Daluka ikakatika. Ukumbi ukapasuka kwa kelele. Wengine wakasema ni goli, kwa sababu bwana harusi hakudaka. Wengine wakasema si goli, hakuanguka. Bibi akasimama na kutangaza kwamba mchezaji ameingia uwanjani hakusajiliwa. Khala akauliza kwa hivyo ni mangapi. Bi Harusi alikuwa bado kwenye mikono yangu, ananitazama kutoka chini, na nilimuona anasubiri kujua kama amehesabiwa matatu.

Bwana harusi akaja. Akaniinamia, si kwa hasira.

"Na wewe ni nani?"

Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Mimi jirani. Mimi mjukuu wa yule bibi mwenye vidole. Lakini lililotoka, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, lilifika mpaka jikoni.

"Mimi ni bwana harusi."

Sijui nieleze vipi kicheko kile. Wanawake walishikana. Bibi alikaa juu ya sahani. Bwana harusi mwenyewe alianza taratibu, mabega kwanza, kisha akakaa kwenye zulia akacheka mpaka uzi mwekundu ukamteleza mkononi, na nikaona Bi Harusi amegeuza kichwa haraka kuusikiliza ule mcheko, kama mtu aliyeitwa.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikaendelea. Nikamwambia anaangukia kushoto, kulia kuna kabati. Akatazama kulia. Nikamwambia si hapa, nyumbani, la vikombe. Akauliza la kimo gani, na linafunguka upande gani, na kwa nini wasilihamishe, na kama ukuta wa nyuma una waya, na nikamjibu yote, mimi, mbele ya ukumbi, huku nimemshika mke wake. Akaitikia kwa kichwa.

"Nionyeshe unaposimama."

Nikamuinua Bi Harusi, nikamshika mumewe mkono wa kanzu, nikampeleka kushoto, hatua moja nyuma, nikamwambia apanue miguu. Akapanua. Kisha nikakimbia nikajificha nyuma ya Bibi, kwa sababu ujasiri ulikuwa umekwisha wote.

Khala akapiga. Bi Harusi akacheza polepole kuliko mwanzo. Trei ikagongwa tena mlangoni na bwana harusi hakugeuka. Nikaona ile pumzi ya pua. Nikatazama kisigino cha kushoto. Hakikuinuka. Kikainuka cha kulia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kwa makusudi kabisa, akajiachia upande wa kabati.

Mtu aliyekuwa akitazama mahali nilipomweka angekosa. Yeye alikuwa akimtazama mkewe. Alivuka mbele yake kwa hatua moja ndefu, goti likapiga zulia, na akamdaka chini kabisa, kiganja kimoja tu kutoka sakafuni.

Hakuna aliyepiga kigelegele, maana upande wa bi harusi hawana kigelegele cha kudakwa. Bi Harusi hakuinuka. Khala akaacha daluka akauliza kwa wasiwasi kama mtu ameumia. Sauti ya Bi Harusi ikatoka kule chini, imezibwa na kanzu, ikasema hakuumia mtu, na kwamba kesho watoke mapema kabla jua halijawa kali, Suhar ni mbali.